Hekima Kinywani mwa Simbamarara

Wahindi wa kale waliuita ubeti mfupi wa hekima subhashita, yaani lililonenwa vyema. Nyingi zimo katika bahari ya shloka: vipande 4, kila kimoja mizani 8, bila vina. Aliyelelewa na tenzi ataitambua hesabu hiyo, kwani beti ambazo Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858 zina mizani 32 vilevile. Sidai undugu, nadhani ni kipimo kinachokaa vizuri katika kumbukumbu ya mtoto.

Sisi wazazi wa ughaibuni hupenda beti za namna hii kwa kuwa hukaririka upesi. Mimi nazithamini kwa jambo jingine. Katika Hitopadesha, kitabu cha ngano cha Narayana, yumo simbamarara mzee kando ya bwawa, mkononi ana bangili ya dhahabu. Anamwita msafiri aje aipokee kama sadaka. Anadai kwamba kucha na meno vimekwisha, kisha, ili kumtoa hofu, anamsomea beti za uchaji na ukarimu, moja baada ya nyingine. Beti hizo hazina kasoro. Msafiri anaingia majini aoge kwanza, anakwama matopeni, analiwa.

Mtunzi aliyetia hekima halali katika kinywa cha mla watu alimtaka mwanafunzi apime neno pamoja na mnenaji wake. Watoto wetu husikia maneno mazuri kutwa, mimbarini na simuni.

Nilipomsimulia binti yangu kisa hiki, hakuuliza maana ya beti. Aliuliza simbamarara alizisomea wapi.