Funguo za Nyumba ya Watu

Wapo watakaoniuliza: kijana anayejiita mwandishi wa riwaya anatafuta nini kwenye seva? Jibu la kwanza ni ugali. Nimemaliza kidato cha nne, riwaya yangu haijapata mchapishaji, na mjini shule, ada inalipwa kila siku. Kwa hiyo nafanya kazi kwenye steshenari moja ya Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi. Tunachapa kadi za harusi, mikataba ya vyumba na barua za kila aina. Jibu la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kompyuta zetu zote hutunza mafaili kwenye moja isiyo na kioo, iliyokaa chini ya kaunta. Ndani yake kuna Linux, mfumo wa ukoo wa Unix. Unix yenyewe ni kongwe: Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, ikagawiwa bure. Babu zetu waliiona serikali ikipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974. Sisi wajukuu tumepata mfumo mzima bila kutoa hata senti.

Ya mwanzo nilikuwa nayajua: kuingia, kutoka, kunakili faili. Braza aliyekuwa akiitunza seva alipotaka kuhamia Dodoma, bosi alimwomba anifundishe darasa la kati. Huko ndiko ngoma iliko, jamani. Unaacha kuuliza "nifanyeje?" unaanza kuuliza "nani anaruhusiwa?"

Kila faili lina mwenyewe, lina kundi, halafu kuna watu wengine wote. Kila upande hupewa ruhusa zake: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, unajumlisha. Ukiandika chmod 640, mwenyewe anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, wengine hawaoni kitu. Nilielewa mara moja, maana ndivyo zilivyo nyumba zetu za Uswahilini: chumba cha mtu, ukumbi wa wapangaji, na baraza la wapita njia.

Kisha akanionyesha cron, mlinzi wa zamu. Unampa saa na kazi, naye saa nane za usiku anafanya wewe ukiwa umelala. Ila umeme ukikatika saa ile, kazi iliyompita hairudii. Ndiyo maana kila asubuhi naanza kwa kusoma kumbukumbu zilizo ndani ya /var/log.

Kazi kubwa ya cron ni kutengeneza nakala za akiba. Hapo braza alinyoosha kidole upande wa soko kuu, lililoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. "Kama daftari la madeni lilikuwa mle, na nakala yake mle, mwenyewe alibaki na nini? Nakala inayolala nyumba moja na asili si nakala." Zetu hulala Magomeni, kwa bosi.

Siku ya mwisho akanipa neno la siri la root. Root ndiye mkubwa wa mfumo, na zile ruhusa zote nilizozieleza hazimzuii kusoma faili la mtu. Mwandishi aliyemo ndani yangu akaamka. Katika sura ya tisa ya riwaya yangu kuna mke anayeandika barua ya kuomba talaka, na barua hiyo ilikuwa imenishinda miezi mitatu. Wiki ileile dada mmoja alikuja dukani, akakataa kuchapiwa, akachapa mwenyewe huku akijifuta machozi. Alilipa, akaondoka. Faili lilibaki. Amri moja tu ingetosha.

Nikamwuliza braza, kama utani: "Root akisoma ya watu, nani atajua?"

Hakucheka. "Mdogo wangu, fundi wa kufuli anaweza kufungua mlango wowote Kariakoo. Ndiyo maana watu humchagua fundi kwa tabia kabla ya ufundi."

Sikulifungua lile faili. Nilimwomba bosi tuweke utaratibu: mafaili ya wateja yafutwe baada ya siku saba, na nakala zake vilevile. Akakubali. Nikaandika amri ya find, nikaijaribu kwanza kwa kuorodhesha bila kufuta, nikahakiki orodha, ndipo nikamkabidhi cron. Barua ya yule dada haipo tena, Kariakoo wala Magomeni.

Sura ya tisa bado inanitoa jasho. Nimemfuata shangazi yangu aliyeachika, nikamwomba anisimulie. Amenisimulia, na pale aliponyamaza na mimi nimepaacha. Mengine nabuni, maana ndiyo kazi niliyoichagua.

Nanyi wenzangu mnaoandika, msiikimbie mashine. Kompyuta chakavu inatosha kuanzia, na Linux ni bure. Ila siku mkikabidhiwa root, kumbukeni kwamba ndani mna watu.