Gisenyi: Mji wa Ziwa na Somo la Tangi

Msafiri atokaye Kigali kuelekea magharibi huenda yapata kilometa 155 kabla hajaufikia ufuko wa Ziwa Kivu. Hupita Musanze, chini ya milima ya volkano, kisha barabara huanza kuteremka polepole, ikikaribia bonde la Mto Sebeya penye Mahoko na Nyundo, hata mwisho ziwa likaonekana limetandazwa chini kama kioo. Hapo ndipo ulipo mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Goma, nchini Kongo, na miji hiyo miwili imekaribiana mno hata mgeni asiyeonyeshwa mpaka hawezi kujua wapi mmoja unakwisha na mwingine unaanzia. Kiswahili husikika pande zote mbili. Nayo Rwanda, mwaka 2017, ilikifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi.

Mgeni akitazama maji hayo hudhani kwamba wenyeji wa Gisenyi hawawezi kamwe kusumbukia maji. Ziwa Kivu lina eneo la kilometa za mraba zaidi ya 2,300, na kina chake hufika karibu meta 480. Lakini akiingia katika mitaa, kama vile Mbugangari, ataona matangi ya plastiki yamesimamishwa nyuani, na madumu ya manjano yamepangwa karibu na mlango wa jiko. Maana yake ni kwamba maji ya ziwa, pamoja na wingi wake, si ya kunywa kabla ya kusafishwa. Kadhalika, sehemu ya maji ya mabomba ya mji hutoka Mto Sebeya na kusafishwa katika mitambo ya Gihira. Nao mto huo, mvua zikizidi, huteremka na udongo mwingi wa milimani. Maji yakiwa tope tupu, kazi ya kuyasafisha huwa ngumu, na mabomba hukauka. Basi kila mwenye nyumba hujiwekea akiba.

Nguvu ya mto huo ilidhihirika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023. Mvua kubwa ilinyesha, Sebeya ikafurika na kuzikumba nyumba za bondeni. Katika mafuriko na maporomoko ya usiku ule, watu zaidi ya 130 walipoteza maisha nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Baada ya mafuriko ya namna hiyo, hatari ya pili huja bila kishindo: vyoo hufurika, maji machafu huchanganyika na maji ya kutumia, na tangi lililofikiwa na gharika huwa si akiba tena bali ni sumu.

Watu wazima wa eneo hili hawahitaji kuambiwa hatari hiyo ni nini. Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, umati unaokadiriwa kuwa kati ya watu 500,000 na 800,000 ulivuka kutoka Rwanda kuingia Goma katika siku chache tu. Miongoni mwao walikuwamo waliotenda mauaji hayo. Walikuwamo pia wanawake na watoto wasio na hatia. Ardhi ya huko ni jiwe la volkano, mashimo ya vyoo hayakuchimbika kwa urahisi, na wengi walichota maji ziwani na kuyanywa vivyo hivyo. Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 20 Julai. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikufa kandokando ya mojawapo ya maziwa makubwa ya Afrika.

Hilo ndilo somo la Gisenyi kwa kila nyumba, kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi: wingi wa maji si usalama wa maji. Maji yaliyotoka bombani yakiwa safi huweza kuharibika katika tangi chafu, na anayeyanywa hatajua, kwa kuwa rangi yake haikubadilika.

Tangi lisiloangaliwa huanza kuharibika chini. Udongo mwembamba hutua na kuwa mashapo, na dawa ya klorini iliyotiwa mitamboni huishiwa nguvu siku baada ya siku. Mfuniko ukiwa na ufa, mwanga huingia na mwani wa kijani huota ukutani. Mjusi au panya naye hupata njia. Kwa hiyo yafaa tangi lifunguliwe na kukaguliwa mara kwa mara, na lisafishwe walau mara mbili kwa mwaka. Na baada ya gharika lisafishwe kabla halijatumika tena.

Kazi yenyewe haihitaji fundi mkubwa. Kwanza, maji yote humwagwa kwa koki ya chini. Pili, kuta na sakafu ya tangi husuguliwa kwa brashi ya mpini mrefu na maji ya sabuni, kisha husuuzwa hadi maji yatoke meupe. Tatu, tangi hujazwa maji kiasi cha robo, ndipo hutiwa dawa. Kwa unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, kipimo ni gramu 80 kwa kila lita 1,000 ambazo tangi huchukua likijaa. Tangi la lita 5,000 huhitaji gramu 400. Unga huo hukorogwa kwanza katika ndoo ya maji. Asiye na unga aweza kutumia dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe, yenye klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni: lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Kisha tangi hujazwa kabisa, koki za nyumbani hufunguliwa mpaka harufu ya klorini isikike, halafu hufungwa, na maji huachwa kwa saa 24. Maji hayo hayanywewi. Humwagwa yote, mbali na ziwa na mabwawa ya samaki, na tangi husuuzwa tena kabla ya kujazwa maji ya matumizi.

Mwenye kufanya kazi hiyo avae glavu na afunike macho. Asichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, hasa yenye asidi, kwani mvuke utokao hapo huumiza mapafu. Tangi kubwa la kuingia mtu lisiingiwe na mtu aliye peke yake. Mwenzake abaki mlangoni, na hewa ipitishwe kwanza.

Maji safi yakisha kutunzwa, iko nusu ya pili ya kazi, nayo ni ya maji machafu. Shimo au tangi la choo hufanya kazi kwa msaada wa vijidudu vinavyoozesha uchafu. Matambara, mafuta ya kupikia na dawa kali vikitupwa humo, vijidudu hufa au njia huziba. Mashapo yakifika theluthi ya kina chake, gari la kunyonya liitwe. Ardhi ya mawe ya volkano ina nyufa nyingi, na maji machafu hupenya na kwenda mbali kwa haraka. Kwa hiyo kanuni ya kuacha meta 30 baina ya choo na kisima yafaa ichukuliwe huku kuwa kiwango cha chini tu.

Jambo moja zaidi wenyeji wa ukanda huu hulielewa upesi kuliko wengine. Upande wa Goma kuna mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Watu huiita mazuku. Mbuzi akiteremkia humo hufa, na mchungaji amfuataye huweza kufa pia. Shimo la choo lina mazuku yake: gesi zisizoonekana, ambazo nyingine huua, na nyingine huwaka moto. Gesi ya methani itokayo kwenye uozo ni ile ile iliyomo katika kilindi cha Ziwa Kivu, ambayo tangu 2016 inaendesha mtambo wa umeme wa megawati 26 huko Karongi. Basi mtu asishuke shimoni kumwokoa mwenziwe pasipo vifaa. Wawili wamekufa namna hiyo mahali pengi ambapo angekufa mmoja.

Kanuni ya kutenganisha maji huhusu pia vyombo vya safari. Watalii wengine husafiri kwa magari yenye nyumba ndani, nayo huwa na tangi la maji safi, tangi la maji ya kuoshea na tangi la choo. Dereva mwangalifu huwa na mipira miwili: wa kujazia maji safi, na wa kusuuzia uchafu, na kamwe haubadilishi mmoja kwa mwingine. Tangi la choo humwagwa mahali palipotengwa tu, si mtaroni wala ziwani. Vivyo hivyo gari la maji la kikosi: lililowahi kubeba mafuta au dawa za mashamba lisibebe maji ya kunywa, na mpira wake usiburuzwe matopeni.

Tarehe 22 Mei, 2021, Mlima Nyiragongo ulilipuka. Matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba nyingi za Gisenyi, na huko Goma watu wapatao nusu milioni walikosa maji kwa sababu miundo ya maji iliharibika. Siku kama hizo, familia yenye tangi safi na mfuniko mzima huwa na maji ya siku kadhaa, nayo yaweza kumpa na jirani. Familia ambayo tangi lake halijafunguliwa miaka mitatu huwa nayo pia na maji. Tofauti itajulikana baada ya watoto kuyanywa.

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi Wanyarwanda hutoka kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda, wakazibua mitaro na kufyeka vichaka. Kazi ya tangi haionekani barabarani, na hakuna apitaye akaisifu. Lakini ngazi ni fupi, brashi ni ya bei ndogo, na mfuniko hufunguka kwa mkono mmoja. Mwenye tangi na apande leo atazame ndani.