Binti wa Kibongo, jarida la muziki la shule na picha iliyoishia kwenye pochi

Wadau, kuna watu wakisikia mtoto anasomea "media" huko ughaibuni wanajua ni umbea tu, anafundishwa kushika maiki na kupiga picha na mastaa. Bi mkubwa mmoja pale Leicester, Uingereza, naye alikuwa hivyo hivyo. Usiku anabeba boksi, asubuhi anarudi miguu imevimba, anamkuta binti yake ametandaza majarida ya muziki kwenye zulia, mkasi mkononi, anakatakata.

"Hii ndiyo shule niliyokuletea huku?"

"Ndiyo mama, hii ndiyo shule."

Na kweli ilikuwa shule. Ilikuwa mwaka wa masomo 2013/14, na binti (jina kapuni) alikuwa kwenye kile ambacho huku kingeitwa kidato cha tano. Alichukua somo la Media Studies chini ya bodi ya mitihani ya OCR, na kazi ya vitendo ilikuwa hivi. Kwanza zoezi dogo la kupasha misuli: jalada la jarida la shule lenye picha ya mwanafunzi kuanzia kifuani, pamoja na rasimu ya ukurasa wa yaliyomo. Halafu mzigo wenyewe: jarida jipya la muziki. Jalada, ukurasa wa yaliyomo, na kurasa mbili zinazotazamana zenye makala kubwa. Picha zisizopungua nne, zote upige mwenyewe. Maneno yote uandike mwenyewe. Ukienda kudaka picha ya staa Google, umejimaliza. Alama ni 100: utafiti na maandalizi 20, kazi yenyewe 60, na tathmini 20.

Zoezi dogo alilifanya kwa kulipua. Rangi sita kwenye jalada moja, picha imevutwa mpaka rafiki yake akaonekana kama ana uso wa sahani, maandishi ya kila aina kama bango la mganga. Mwalimu akamwambia aitunze hiyo kazi vizuri, maana mwishoni ataulizwa amejifunza nini toka pale. Alidhani anatishwa, kumbe ni kweli. Swali la saba la tathmini ndilo hilo hilo.

Kwenye utafiti ndipo alipokutana na yule mzee. Karibu na kituo cha basi kulikuwa na duka la magazeti la mzee wa Kihindi, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Wengi wao waliishia Leicester. Binti alikuwa anaingia pale kila baada ya shule, anafungua NME, anafungua Kerrang!, anapiga picha kwa simu, anaondoka bila kununua. Siku ya tatu au ya nne hivi alikuwa anaongea na mama yake kwa simu, Kiswahili cha Temeke kabisa, mzee akainua kichwa.

"Soma, lakini kunja hapana."

Binti nusura adondoshe simu. Shikamoo ikatoka yenyewe. Kuanzia siku hiyo akawa na mwalimu wa pili, tena asiyelipwa. Mwalimu wa shule alimfundisha majina ya vitu, mzee akamfundisha sababu zake. Kwa nini vichwa vizito vinapangwa upande wa kushoto wa jalada? Kwa sababu kwenye rafu majarida yanalaliana, mteja anaona ule ukingo wa kushoto tu. Kwa nini jina la Kerrang! linaweza kufunikwa na kichwa cha mwanamuziki? Kwa sababu lipo sokoni tangu 1981, mteja analijua hata akiliona nusu. Jarida jipya ukilifunika jina umelizika. Kwa nini staa wa jalada anakuangalia machoni? Hapo mzee alicheka. "Wewe pita hapa bila kununua, yeye aone."

Majarida yasiyouzwa, mzee alimwambia, yanarudishwa kwa muuzaji wa jumla, hayalipii. Kwa hiyo jarida geni likija analiweka chini kabisa, na wiki ijayo linarudi lilikotoka. Binti aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari, maana kuna swali la tathmini linauliza kampuni gani ingesambaza jarida lako na kwa nini. Wenzake wengi waliandika Bauer, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na Kerrang!, Q na Mojo, wakamaliza. Yeye akaona mbona haiendi hivyo.

Sasa jarida lenyewe. Wenzake walikimbilia indie na roki, wengine hip hop kwa kuiga Vibe, lile aliloanzisha Quincy Jones mwaka 1993. Yeye akataka muziki wa Afrika kwa vijana waliokulia Uingereza. Wazo halikuwa la kubahatisha, maana mwaka 2012 D'banj wa Nigeria alikuwa ameingia kumi bora ya Uingereza na Oliver Twist, na kila sherehe ya Waafrika ulikuwa unausikia. Jina akaliita Kibao. Mwalimu akauliza maana yake, akaambiwa ni wimbo, pia ni kofi. Mwalimu akalipenda zaidi kwa hilo la kofi.

Staa wa jalada ndiyo ikawa kazi. Binamu yake alijitolea, akaja na miwani ya jua na cheni ya kuazima, akapigwa picha akiegemea ukuta wa nyuma ya nyumba. Hazikuwa mbaya. Zilikuwa za kawaida, yaani ukiziona umeshaziona.

Halafu mama yake, akiwa anakaanga maandazi, akaropoka kwamba mama fulani wa kanisani kwao aliwahi kuimba bendi Dar. Bendi kabisa ya muziki wa dansi, enzi zile Msondo na Sikinde wanagawana mji, miaka ya tisini. Ila huyo mama aliokoka, na kanisani hakuna anayejua. Anakaa benchi la nyuma, na kwaya hagusi, kwa sababu akifungua mdomo tu watu watauliza amejifunzia wapi.

Binti akaenda. Ilichukua Jumapili tatu. Mama mdogo, kama alivyokuwa anamuita, mwishoni alikubali kwa masharti mawili: "Jina langu la jukwaani usiliandike, na uso wangu usionekane. Hayo mengine uliza tu mwanangu."

Akauliza, na mama mdogo akamwaga. Mazoezi ya mchana kwenye ukumbi unaonuka bia ya jana. Sare moja ya kushonewa, unaifua usiku na kuivaa mbichi kesho yake. Safari za mikoani, spika zinapewa nafasi kwenye gari kabla ya waimbaji. Kiingilio kikiwa kibovu, wapiga gitaa wanalipwa kwanza, wanawake wanaambiwa wasubiri. Aliacha siku aliyosubiri mpaka ukumbi ukafagiliwa. Makala ya kurasa mbili ilijiandika yenyewe.

Picha zilipigwa sebuleni. Shuka jeupe ukutani, dirisha limefunguliwa pazia, taa ya kusomea imewekwa kwenye kiti, kamera na maiki za kuazima shule. Mama mdogo alikuja na kitenge cha njano. Akapigwa mikono ikiwa imeshika maiki, akapigwa kwa nyuma, akapigwa akiwa amegeukia dirishani. Halafu binti akasema, "Subiri mama mdogo, najaribu mwanga tu." Mama mdogo akacheka kwa sababu ya kijikebo kilichokuwa kimemzunguka miguuni, akainua macho moja kwa moja kwenye lenzi, maiki chini ya kidevu. Kidole kikabonyeza.

Ukisema ilikuwa bahati mbaya, sawa. Ila aliyekuwa anajaribu mwanga angeifuta.

Alikesha nayo kwenye Photoshop. Rangi tatu tu: njano ya kitenge, nyeusi, nyeupe. Herufi aina mbili. Jina KIBAO juu kabisa, halijafunikwa. Barkodi, bei, tarehe. Yale macho katikati. Darasani kila mmoja alibandika jalada lake ukutani, watu wakazunguka na kuandika ni lipi wangelinyanyua kwanza dukani. Karibu darasa zima likaandika Kibao. Mwalimu akamuuliza kama yule mama ameridhia kupigwa. Akajibu ndiyo, ameridhia kupigwa. Mwalimu akasema basi, hilo jalada usiliguse tena.

Aliyeligusa ni bi mkubwa. Aliikuta nakala mezani asubuhi, bado ana koti la kazini.

"Huyu amekuruhusu uso?"

Kimya.

"Nimekuuliza."

"Mama, walimu na wasahihishaji wenyewe hawamjui."

"Mimi namjua. Mpelekee kwa mikono yako kabla hujawapelekea Wazungu."

Hapa Bongo mtu anapigwa picha ukumbini usiku, asubuhi ipo mtandaoni na kichwa cha habari juu yake, na hakuna aliyemuuliza. Watu wamezoea. Kwa hiyo wapo watakaosema bi mkubwa alikuza mambo, mtoto ana mtihani, zilibaki siku tisa. Siku tisa kweli ndizo zilizokuwa zimebaki.

Mama mdogo alilipokea jalada kwa mikono miwili, akakaa nalo kitambo. Akauliza lile neno la juu ndilo jina la gazeti? Ndiyo. Na haya ya pembeni? Akatafsiriwa moja moja. Akapitisha kidole kwenye shavu lake la karatasi.

"Kumbe nimezeeka vizuri."

Binti akaanza kusamehewa kabla hajaomba msamaha, kichwani mwake. Hapo mama mdogo akalikunja jalada mara mbili, likawa robo, akalitia kwenye pochi na kufunga zipu. "Hii ni yangu. Wewe tafuta nyingine." Akaenda kuchemsha chai, wakanywa, wakaongelea bei ya unga. Msamaha aliuomba mlangoni akiwa anavaa viatu, na jibu alilopewa ni "haya mwanangu, soma."

Akarudi kwenye picha zilizobaki. Akaichagua ile ya mikono na maiki, kichwa kimegeukia dirishani, shingo tu na kitambaa vinaonekana. Akaipanga, akaichapa, akaipeleka dukani. Mzee akaichomeka kwenye rafu, nyuma ya NME, ukingo wa kushoto umebaki nje, wakasimama mlangoni wote wawili kuangalia. Kilichoonekana ni shuka.

"Macho hapana, mteja hapana," mzee akasema.

Usiku huo akaisogeza picha nzima kushoto, mikono na maiki vikaingia kwenye ule ukingo, kichwa cha habari akakikuza mara mbili. Kesho yake rafuni ilionekana mikono ya mtu mzima imebana maiki kama mtu aliyeshika nguzo ya daladala. Mzee hakusema kitu, ila safari hii hakuitoa haraka.

Tathmini ndiyo ilimbeba. Kwenye swali la kwanza, umefuata au umevunja vipi kanuni za majarida halisi, alikuwa na cha kusema ambacho wenzake hawakuwa nacho. Aliandika kwamba jalada lake limevunja kanuni kubwa kuliko zote, kwamba aliwahi kuwa na lile lililoifuata, na akaeleza liko wapi na kwa nini haliwezi kuonyeshwa. Swali la pili, umewaonyeshaje watu wa kundi fulani, akaandika kwamba mwanamke wa Kiafrika kwenye majarida ya muziki huwa anaangaliwa sana na kuulizwa kidogo, na yeye alikaribia kufanya hivyo hivyo. Kwenye lile la msambazaji hakuandika Bauer. Aliandika kwamba rafu ingemrudishia jarida lake wiki ya pili, kwa hiyo Kibao kigawiwe bure kwenye saluni, maduka ya vyakula vya Kiafrika na vituo vya treni, kijilipe kwa matangazo. Mwalimu aliona ni ndoto. Septemba 2015 NME yenyewe ikaanza kugawiwa bure.

Alipata 83. Utafiti 18, tathmini 19, kazi yenyewe 46 kati ya 60. Mwalimu hakumficha: jalada la kwanza lingempandisha zaidi kwenye hizo 60. Bi mkubwa alipoambiwa 83 aliuliza hizo nyingine 17 zimeenda wapi, kama wazazi wote.

Mama mdogo bado anakaa benchi la nyuma, na kwaya bado hagusi. Mwaka uliofuata bi mkubwa alikuwa naye kituo cha basi, mama mdogo akawa anatafuta kadi ya basi kwenye pochi, ikatoka na karatasi imeng'ang'ania. Imekunjwa robo, pembe zimeshaanza kuchakaa. Akairudisha, akaifunga zipu, basi likaja.

Haya wadau, zimebaki siku tisa, alama 60 ziko mezani, na ile picha bado ipo kwenye kompyuta. Mngeituma ipi? Tiririkeni hapo chini.