Kibwagizo cha Uhura

Wenye kupenda mashairi hawahitaji kufundishwa kuwa kibwagizo si maneno yaliyorudiwa tu. Mstari ni ule ule na mizani ni ile ile, lakini ubeti uliotangulia umekwisha kuutia maana nyingine. Mtunzi asiyelijua hilo huimba beti kumi ilhali alichotaka kusema kimekwisha katika ule wa kwanza. Mimi nimelifikiri jambo hili kwa sababu ya kitu ambacho yumkini si kawaida kukitaja mbele ya washairi: Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za nyota, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966 na ambayo, kwa kukatika na kuungwa, imezaa beti mpya kwa zaidi ya nusu karne.

Inatuhusu nini? Ofisa wa mawasiliano katika chombo kile, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura. Jina hilo limetokana na neno letu uhuru, likageuzwa irabu ya mwisho ili lilainike. (Mwambaoni halikuhitaji kulainishwa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari ya Ngomeni karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru, irabu zake zote mahali pake.) Usiku ule wa kwanza wa 1966 Kiswahili kilisikika pia: kiumbe mwenye kujigeuza sura alimjia Uhura kwa umbo la mwanamume, akamsemesha kwa lugha hiyo. Kilikuwa chambo, lakini kilisikika.

Ubeti ninaoukumbuka zaidi ni wa Septemba 1967, uitwao "The Changeling". Nomad, chombo kilichotumwa kutoka duniani kikapotea na kuvurugika akili, kinamsikia Uhura akiimba. Hakielewi kuimba ni kitu gani, na katika kutafuta kuelewa kinamfuta kumbukumbu zake zote. Anafundishwa kusoma upya, kwa Kiingereza, kama mtoto wa darasa la kwanza. Na anapokwama, Kiswahili kinamtoka. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Kipindi kinachofuata yuko kazini kama kwamba halikumfika lolote.

Filamu ya 1979 iliurudia ubeti huo: chombo cha kale cha duniani kinarejea na nguvu za kutisha, kikimtafuta aliyekiumba. Watunzi walikichukua chombo, wakamwacha mwanamke aliyefutwa. Naona walichukua ganda. Walipomrejesha Khan katika filamu ya 1982 walifanya vyema zaidi. Huyo ni adui aliyeachwa katika sayari ya mbali mwaka 1967, na mwigizaji Ricardo Montalbán alirudi akiwa na umri uliosogea kweli, na chuki iliyosogea nao. Ni mfano wa shairi la mkufu, ambamo neno la mwisho la ubeti mmoja huanza ubeti ufuatao. Lakini filamu ya 2013 ilikiiga kifo cha Spock cha 1982 kwa kuwabadilishana nafasi tu, Kirk akafa yeye, kisha akahuishwa kabla chozi halijakauka. Hicho ni kibwagizo cha mtunzi aliyeishiwa.

Niliuona ubeti wa Nomad nyumbani kwa jamaa aliyekuwa na kanda za video, Bweri, pale Musoma. Mtoto wa Bweri akitumwa dukani hupita katikati ya Kijita, Kikwaya, Kikurya, Kizanaki na Kijaluo, kisha hununua chumvi kwa Kiswahili. Kwenu visiwani Kiswahili ni maziwa ya mama. Mtu akifutwa kila kitu, hicho ndicho kitakachobaki. Kwetu Kiswahili kinakaa pale alipokaa yule muuguzi: lugha ya upole, lugha ya darasani, inayomwambia mgonjwa asiseme vile, aseme hivi.

Sikutunga mfano huo. Mama yangu mkubwa alipopatwa na kiharusi, Kiswahili chake cha miaka hamsini kilimtoka chote, kikabaki Kikwaya. Wajukuu zake, waliozaliwa na kulelewa Bweri hiyo hiyo, hawakumwelewa. Aliomba maji wakamletea blanketi. Ilibidi jirani aitwe kuwa mkalimani kati ya bibi na damu yake.

Mwaka 2022, mwaka aliofariki Nichelle Nichols, mfululizo mpya ulimleta Uhura akiwa kijana, akiigizwa na Celia Rose Gooding. Anasimulia alivyokulia Kenya, na alivyofiwa na wazazi na ndugu yake. Kisha wanakutana na kimondo chenye mkia, kisichojibu salamu ya aina yoyote, mpaka Uhura anapoanza kuvumisha sauti ya wimbo wa kwao. Kimondo kinaitika. Mwaka 1967 wimbo wake ulimponza. Miaka hamsini na mitano baadaye wimbo ule ule wa koo lake ndio ufunguo. Sijui ni wangapi miongoni mwa watazamaji waliokumbuka, na kwa mtunzi mzuri si lazima wakumbuke.

Mama mkubwa naye alikuwa akiimba, jioni, akichambua dagaa kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Kuna mjukuu, wa miaka tisa hivi, aliyekuwa akikaa karibu na ungo na kumpokea kila mwisho wa ubeti, maneno ya Kikwaya yakimtoka sawasawa, bila kujikwaa. Nilimwuliza yana maana gani. Akasema hajui, ila hapo ndipo bibi humngoja.