Upanga wa Nuru na Jeraha Lisilotoka Damu

Aghalabu wahakiki wetu huipita fasihi pendwa kwa dharau, na bunilizi ya kisayansi huwa ya kwanza kudharauliwa. Mimi siridhiki na dharau hiyo, hasa niutafakaripo upanga wa nuru katika filamu ya George Lucas, Star Wars (1977).

Iwapo upanga huo unawezekana kisayansi, hilo nawaachia wanafizikia. Kinachonishughulisha ni damu. Katika kilabu cha pombe cha Mos Eisley, mzee Obi-Wan Kenobi anaukata mkono wa mgomvi mmoja, nao unaonekana sakafuni ukiwa na damu. Baadaye damu hiyo inatoweka. Katika The Empire Strikes Back (1980), Darth Vader anaukata mkono wa mwanawe, Luke Skywalker, na hatuoni hata tone. Twaweza kusema kwamba upanga huo huchoma papo hapo unapokata. Lakini maelezo hayo ya kifundi yanaficha uamuzi wa kisanaa: hadhira, watoto wakiwemo, inaruhusiwa kufurahia ukataji wa viungo bila kudaiwa chochote.

Hata hivyo, silaha hii ina sharti ambalo Death Star haina. Death Star huiangamiza sayari nzima ya Alderaan kwa mbali, na aliyetoa amri hauoni uso wa hata mmoja wa wanaokufa. Mwenye upanga hana budi kusogea hadi azisikie pumzi za adui. (Pumzi za Vader, tukumbuke, ni nusu ya uhusika wake.)

Ndiyo maana nakiona kilele cha filamu zile tatu katika kitendo kimoja cha Return of the Jedi (1983). Luke amemshinda babake na kumkata mkono, na pale ulipokatika hapana nyama wala damu, ila nyaya. Anautazama mkono wake mwenyewe, ambao nao ni wa mashine tangu pambano lao la awali. Kisha anauzima upanga na kuutupa. Jeraha lisilotoka damu, lililotuburudisha kwa muda mrefu, limegeuka shtaka: asiyetoka damu yumo njiani kuacha kuwa mtu.

Katika Attack of the Clones (2002), uwanja mzima wa Geonosis unametameta kwa panga hizo. Sikumwona pale mpiganaji aliyesita kuutazama mkono wake.