Mita Tatu za Kwenda na Kurudi

Niliajiriwa kama mtaalamu wa fiziotherapia katika wodi ya mifupa, mkoani Kilimanjaro. Zamu yangu ilifika wengine walipokwisha kumaliza yao: mzee kavunjika nyonga, kapasuliwa, katiwa vyuma, haya sasa mwinue atembee. Faili lilinieleza umri, presha, sukari na upande uliovunjika. Alivyoanguka hakuna aliyeandika. Ukiwauliza watoto wake, jibu ni moja: "Uzee tu, daktari."

Jibu hilo lilinikera. Mtu aliyepanda na kushuka vilima vya migomba maisha yake yote haangushwi na umri peke yake. Lazima kuna jambo. Nikawa nauliza: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa unakwenda wapi, miguuni ulivaa nini? Mara nyingi niliambiwa usiku, chooni, kandambili zilizolika soli.

Ndivyo nilivyoingia katika utafiti. Nilitazamia kusoma habari za Ulaya na Marekani tupu, kumbe makala iliyonishika kwanza ilitoka Nairobi. Mwaka 1986, katika jarida la Nature, Maloiy na wenzake walieleza walivyowapima wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo wakitembea na mizigo, wengine kichwani, wengine kwa kamba ya kwenye paji la uso. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia oksijeni zaidi ya walivyotumia mikono mitupu. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaonyesha sababu. Katika kila hatua mwili hupanda na kushuka, na wanawake hawa, wakiwa na mzigo, huigeuza nguvu ya kule kushuka kuwa mwendo wa mbele bila kupoteza nyingi. Kwangu maana yake ilikuwa moja: kutembea ni ujuzi, na ujuzi hufundishika hata ukubwani.

Kipimo nilichokitumia kuliko vyote kilitungwa na Podsiadlo na Richardson mwaka 1991. Mzee huketi kwenye kiti, husimama, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, unaanza kumwangalia kwa makini. Kinataka kiti, utepe sakafuni na saa, basi. Nimewahi kufanya kazi kwenye maabara yenye mabamba ya kupimia msukumo wa nyayo, na sikatai kwamba yanafundisha mengi. Ila bamba halipandi mlima kwenda kwa bibi.

Taabu ilikuwa kiti chenyewe. Wengi wa niliowatembelea hushinda kwenye kigoda, hulala karibu na sakafu, na chooni huchuchumaa. Mtu anafaulu vizuri kwenye kiti changu, kisha namwona akiinuka kutoka kwenye mkeka kwa kushika ukuta, goti, kisha ukuta tena. Nikaongeza kuinuka kutoka mkekani. Wasahihishaji wa makala zetu hawakukipenda kipimo hicho kwa kuwa hakina viwango vya kimataifa. Mimi bado nakiamini kuliko kile cha kiti.

Halafu kuna mazungumzo. Mwaka 1997 Lundin-Olsson na wenzake, huko Umeå, Sweden, waliripoti juu ya wazee 58 waliosemeshwa wakiwa wanatembea. Waliosimama ili wajibu walikuwa 12, na 10 kati yao walianguka ndani ya miezi 6. Watafiti wengine humwambia mzee ahesabu kurudi nyuma kwa saba-saba. Kwa bibi ambaye hakukanyaga darasa, hapo unapima shule. Mimi nilimwomba anitajie aina za ndizi. Mmoja alianza vizuri, "Mchare, kisukari, mzuzu..." kisha akasimama katikati ya ua, akanigeukia: "Sasa mwanangu, nitembee au nikutajie?"

Mazoezi tuliyoyafuata ni ya Otago, New Zealand, yaliyoandaliwa na Campbell, Robertson na wenzao: kuimarisha mapaja na vifundo vya miguu, kusimama kwa mguu mmoja, kutembea kisigino mbele ya vidole. Majaribio yao yalipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 35. Wao hufunga uzito maalumu miguuni. Sisi fundi cherehani alitushonea vifuko vya mchanga. Tulipima pia presha mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na ikishuka kwa 20 ile namba ya juu tulimrudisha kwa daktari aziangalie dawa zake upya.

Wafadhili kadhaa walituandikia kwamba kuanguka si kipaumbele cha nchi maskini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kwa kuanguka kila mwaka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Takwimu hiyo niliiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa kila ombi. Baadhi walitoa fedha.

Fimbo ndiyo iliyotushinda. Wanaume waliipokea kwa fahari, wanawake wakaiegemeza nyuma ya mlango. Yule bibi wa ndizi alinieleza bila kupepesa macho kwamba fimbo ni ya vizee, na mwavuli anao. Nikamwomba auchukue, nikampima nao mita zake 3, na kwenye fomu, pale panapoulizwa kifaa cha kutembelea, nikaandika "mwavuli". Aliyeingiza takwimu kwenye kompyuta alinipigia simu kuuliza kama nimekosea.