Kakamega: Msitu Wenye Gome la Dawa

Ukitaka kuujua msitu wa Kakamega, msomaji mpenzi, usiridhike kuutazama kupitia dirisha la matatu. Toka mjini Kakamega ushike barabara ya Kisumu hadi Khayega, kisha ukunje kushoto kupitia Shinyalu mpaka Isecheno. Hapo utaona jua likififia mchana kweupe. Mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya kichwa chako na chini ya miguu udongo ni mbichi. Uko kwenye pindo la mashariki la msitu mkubwa wa mvua ambao zamani ulitanda kutoka nchi za Kongo. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu unaolindwa mwaka 1933, na upande wa kaskazini, Buyangu, ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Usiingie peke yako; chukua kiongozi mwenyeji. Mwombe akuonyeshe mwiritsa, mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Gome lake ni jeusi-jeusi, limepasukapasuka vipande vya mraba. Okota jani lake ulifikiche, utasikia harufu kama ya lozi. Matunda yake madogo huliwa na nyani na ndege, na hao ndio wanaozisambaza mbegu zake msituni.

Basi gome hilo lina nini? Pengine nyumbani kwako yupo baba au babu anayeamka mara tatu, mara nne kwa usiku kwenda haja ndogo, na mkojo wenyewe hutoka kwa shida. Mara nyingi chanzo ni tezi dume, tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, ambayo hukua mwanamume anapozeeka na kuubana mkondo wa mkojo. Tezi hiyo ikivimba kwa ndani, taabu huzidi.

Ili uelewe kuvimba huko, fikiria kidole kilichochomwa na mwiba. Kinakuwa chekundu, kina joto, kinauma. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zimefika hapo. Zikifika hutoa kemikali ziitwazo lukotraini, ambazo ni kama mbiu ya mgambo ya kuwaita askari wengine. Mbiu hiyo ni ya heri adui akiwapo. Lakini ikilia bila kukoma, askari hujazana na kuharibu nyumba waliyokuja kuilinda.

Watafiti waliojaribu dondoo la gome hili katika maabara waliona kwamba linazipunguzia chembe nyeupe uwezo wa kutengeneza lukotraini. Kwa maneno mengine, linaipunguza sauti ya mbiu. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya pamoja majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562 wenye tezi iliyokua. Waliotumia dondoo walipata nafuu ya wastani: safari za usiku zilipungua kwa kama asilimia 19. Hata hivyo majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Tena, nafuu si tiba ya saratani. Saratani ya tezi dume yaweza kujificha nyuma ya dalili hizo hizo, kwa hiyo mzee na apelekwe hospitali apimwe kwanza, asitosheke na kikombe cha gome lililochemshwa.

Ajabu ni kwamba sifa hizi nusura ziuangamize mti wenyewe. Tangu miaka ya 1960 Wafaransa walipoanza kutengeneza dawa ya gome hili, magunia kwa magunia yalisafirishwa kwenda Ulaya kutoka Kamerun, Madagaska na hapa kwetu Kenya. Mwiritsa ukibanduliwa gome upande mmoja kwa uangalifu huweza kulirudisha. Ukibanduliwa kuuzunguka shina lote, chakula hakishuki tena mizizini, na mti hufa umesimama. Ndiyo sababu mwaka 1995 biashara yake ilianza kudhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini.

Je, wanakijiji wa pembeni mwa msitu wale nini? Kikundi cha wakulima cha Muliru kilionyesha njia moja. Kwa msaada wa kituo cha utafiti cha ICIPE cha Nairobi, walianza kulima shambani mmea wa jamii ya mrehani wenye harufu ya kafuri, wakakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mrehani huota tena baada ya kuvunwa, lakini mwiritsa mkubwa ni kazi ya miaka mingi.

Kwa hiyo ukienda Kakamega na watoto, waonyeshe mti huu na uwaeleze kazi ya gome lake. Ukiona shina lililobanduliwa, mwambie kiongozi wako. Na kama una kiambo mashambani kwenye baridi na mvua ya kutosha, nunua mche wa mwiritsa uupande. Huenda usiwahi kuuvuna wewe, ila wajukuu wako watapata kivuli, na pengine dawa, bila kuugusa msitu.